Uliza Kwanza Kilio Kiko Wapi

Ninyi vijana wa Kasenga mnaoshika mikro kwenye harusi, kwenye sikukuu za shule na kwenye mikutano ya kanisa, mkinipita hapa mlangoni kwangu mnaniita Mzee Mwanzo, mnapiga honi za pikipiki zenu, mnaenda. Sikasiriki. Jina hilo ni haki yangu. Maisha yangu yote nimefanya kazi ya kusema maneno ya kwanza. Yaliyofuata yalikuwa ya wakubwa, na mengi nimeyasahau. Nadhani wao pia waliyasahau.

Jumamosi iliyopita nilialikwa harusi. Kijana mmoja mwenye koti la kung'aa akasimama, akatusalimia, tukaitikia. Akasema hajatusikia. Tukaitikia tena. Akaweka kiganja sikioni, akasema bado hajatusikia. Karibu yangu alikaa bibi mmoja aliyetoka Bwegera na kapu lake la mchele wa zawadi, akaniuliza polepole kama yule mtoto ana ugonjwa wa masikio. Nikamwambia masikio ni mazima, ila hana mtu wa kumfundisha mwanzo. Basi nimekaa chini kuwaandikia haya. Mtu akikuitikia salamu amekwisha kukufungulia mlango. Wewe unaendelea kugonga kwa nini?

Nimefungua hotuba nyingi, za pamba, za uhuru, za harusi, za kumpokea mkubwa huyu na kumuaga yule. Lakini kuna mwanzo mmoja niliousema kwa ajili ya mtu mmoja tu kati ya mamia waliokuwa wananisikia. Mtu huyo alikuwa mke wangu, Mwamini. Alikuwa mlimani wakati wa uasi, mimi nilikuwa chini, na nilitaka ashuke arudi nyumbani. Nitawaeleza. Niacheni kwanza niwafundishe kazi, kwa maana asiyejua kazi hii hataelewa yaliyonipata.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa Mzee Kiza. Alikuwa mkalimani wa agronomo, mzungu mmoja mrefu aliyezunguka tambarare ya Ruzizi kufundisha watu kulima pamba. Macho ya Mzee yalipoanza kumsumbua, mimi nilichukuliwa kumsaidia, kisha nikabaki na kazi. Agronomo alisema Kifaransa, mimi nikasema Kiswahili, na pale ambapo Kiswahili hakikutosha nikaongeza Kifuliiru. Lakini kabla mzungu hajafungua kinywa, ilikuwa lazima mtu asimame awatayarishe watu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, na Mzee Kiza aliijua kama mama anavyojua chungu chake.

Alinifundisha kusimama na kunyamaza. Siku zangu za mwanzo nilikuwa nikishuka tu kwenye gari, naanza kusema. Kumbe watu wana kazi ya kukuangalia kwanza. Wanaangalia viatu vyako, wanaangalia kola, wanaulizana wewe ni mtoto wa nani. Waache wamalize. Kule Luvungi nilianza mapema nikiwa na suruali yenye kiraka gotini, na nina hakika mpaka leo hakuna aliyesikia habari za mbegu. Wote walisikiliza kiraka.

Alinifundisha pia kutokurefusha salamu. Nilikuwa na tabia ya kuwasalimia machifu, kisha wazee, kisha akina mama, kisha vijana, kisha wageni, kisha nawarudia machifu nisije nikawa nimewadharau. Mzee Kiza akanivuta shati kwa nyuma na kuninong'oneza, "Salamu iko mulango, kijana. Pita. Usikae mu mulango." Na msianze kwa kujidharau, mkisema ninyi si wasemaji, hamkujiandaa, mnaomba radhi. Watu wanajiuliza kama ni hivyo mmesimama kutafuta nini.

Mzee mwenyewe alikuwa na ujanja. Kuna siku tulipanda naye na agronomo mpaka milima ya juu, kwa wafugaji, kusema habari za dawa ya kupe. Kule huwezi kuanza na dawa. Unaanza na ng'ombe. Wazee walitupokea vizuri, wakatukalisha, kisha wakamuuliza mzungu ng'ombe wake hawajambo. Mzungu hakuwa na ng'ombe hata mmoja, alikuwa na paka. Alikuwa anatazama saa yake, anataka tumtafsirie haraka. Mzee Kiza akasimama taratibu akajibu kwamba ng'ombe za bwana ziko Ulaya, ziko mbali sana, lakini hazijambo na zinawasalimia. Wazee walicheka mpaka wakafuta macho, maziwa yakaletwa, na habari ya kupe ikasikilizwa mpaka mwisho. Njiani agronomo aliuliza tulisema nini. Mzee Kiza akamjibu kwamba amewaambia bwana ana afya njema.

Mwalimu wangu wa pili nilimpata kwa aibu.

Siku za uhuru zilipofika, wale waliokuwa makarani na walimu waligeuka wanasiasa, na kila mmoja alitaka mtu wa kumfungulia. Bwana mmoja wa Uvira alinichukua katika lori lake tukaenda Katogota. Nilikuwa kijana, nimevaa tai, moyo unanidunda kwa furaha. Nani hakuwa na furaha siku zile? Tulidhani kila kitu kitaanza upya, hata mvua. Nilisahau kunyamaza, nilisahau kila kitu. Nikaruka juu ya lori na kupiga kelele, "Uhuru!" Nikangoja waitikie. Kimya. Nikarudia. Nikaona mama mmoja anafunika mdomo kwa kitenge. Nikadhani wana haya, basi nikawaambia wapige makofi, wacheze, mimi mwenyewe nikaanza kucheza juu ya lori ili wanifuate. Watu walinitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia kanisani. Yule bwana akasema hotuba yake yote, ndefu na nzuri, na hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Tulipomaliza nilishuka mtoni kunawa uso. Msichana mmoja alikuwa anachota maji. Aliniangalia mpaka nikaona haya, akasema, "Kaka, njo weye ulikuwa unapiga kelele ile?"

Nikamwambia ndiyo, ni mimi.

"Ulipofika hapa, uliuliza kwanza kilio kiko wapi?"

Nikajitetea kwamba mimi ni mgeni, hakuna aliyeniambia kama kuna kilio.

"Hakuna mutu anaambia mugeni," akasema. "Mugeni njo anauliza."

Walikuwa wamemzika kaka mkubwa wa baba yake siku iliyotangulia. Nyumba ya kilio ilikuwa pale pale nyuma ya lori, na mimi nilikuwa nimecheza mbele ya watu waliokuwa wametoka kulala chini kwa majonzi. Nilimwomba anipeleke. Nilivua tai, nikaingia, nikakaa kwenye mkeka bila kusema neno mpaka jua likapungua. Lori liliondoka bila mimi. Mama wa yule msichana alinisogezea nafasi na hakuniuliza kitu. Msichana alikuwa Mwamini.

Hilo ndilo somo kubwa la kazi hii, na mtu mzima mwenye vyeo hawezi kulikwepa. Kabla ya kufungua kinywa mahali popote, uliza nani amefiwa. Ukikuta kilio, anza na pole. Hata kama umekuja kutangaza harusi, hata kama umekuja na uhuru wenyewe ndani ya gunia, anza na pole. Watu watakusamehe mengine yote.

Nilirudi Katogota mara nyingi kuliko pamba ilivyohitaji. Siku ya kuposa, Mzee Kiza ndiye aliyenisemea. Alisimama mbele ya ukoo wa Mwamini, akanyamaza mpaka wote wakamaliza kumwangalia, kisha akasema, "Wakwe zetu, kijana yetu alikuja hapa siku moja kucheza wakati muko mu kilio. Leo amekuja kuomba, lakini anataka kwanza amalize ile pole yake." Akampa pole mama yake Mwamini kwa ajili ya yule shemeji yake, ingawa matanga yalikuwa yamekwisha zamani. Mama akageuza uso na kufuta machozi. Sijapata kusikia mwanzo wa posa mzuri kama ule. Mambo mengine yote siku hiyo yalikwenda kama maji mteremkoni.

Tulipanga nyumba hapa hapa Kasenga. Jioni, Mwamini alikuwa akikaa ukutani, upande wa mashariki ambako upepo wa ziwa unaingia, anapeta mchele, na mimi nilikuwa nikisimama mbele yake kama mbele ya umati, najaribu mwanzo wangu wa kesho. Kama maneno yalikuwa mazuri, alipeta. Kama yalikuwa marefu, alifumba macho na kuanza kukoroma huku mikono ikiendelea na ungo. Alikuwa anakoroma vizuri sana, kama baba mzee aliyeshiba. Nakumbuka nilimsomea mwanzo uliosema, katika siku hii tukufu ya leo, mbele ya umati huu mkubwa, chini ya jua hili kali, kando ya ziwa hili. Sikufika kwenye ziwa. Alikuwa anakoroma tangu kwenye jua.

Nikamwambia, "Mama, umelala?"

"Silale," akasema bila kufumbua macho. "Jua wanaliona. Waambie kile kinawauma ama kile kinawafurahisha. Jua waache."

Nilikata jua. Nilikata ziwa. Siku iliyofuata watu walipiga makofi, na mkubwa aliniuliza nilisomea wapi. Nilicheka tu. Ningemwambiaje kwamba nilisomea kwenye ungo wa mchele?

Sasa nifike kwenye uasi, ule wa miaka michache baada ya uhuru, ambao ninyi mnausikia kama hadithi.

Mwaka ule mpunga wa Katogota ulikuwa umeanza kuiva, na mama mkwe wangu alikuwa amebaki mjane, hana mtu wa kufukuza ndege. Mwamini aliamua kwenda kumsaidia mpaka mavuno yaishe. Hatukuwa bado na mtoto wa kumzuia. Aliondoka asubuhi na lori la mchele. Alinikataza kula ndagala, dagaa wa ziwani, kila siku kama mtu asiye na ndugu, akaniambia nijiandae, atakaporudi atataka kusikia mianzo yote niliyoisema asipokuwepo, na atakoroma yote kwa mara moja. Nilicheka. Lori likapinda. Mkono wake ulikuwa bado unapunga nje nilipogeuka kurudi ndani, na leo hii bado najiuliza nilikuwa na haraka ya nini.

Vita vikaingia katikati yetu. Waasi waliuchukua mji wetu, na barabara ya tambarare ikafungwa. Msidhani kazi yangu ilisimama. Waasi nao walitaka mtu wa kuwafungulia mikutano, na wote walikuwa na vyeo. Sikupata kuona jeshi lenye wakubwa wengi na wadogo wachache namna ile. Kisha wao wakaondoka, askari wa serikali wakaingia, nao wakataka msemaji. Walinikuta pale pale, na tai ile ile. Wakubwa walibadilika, ugonjwa wao ulikuwa mmoja: kila mmoja alitaka majina na vyeo vyake vitangulie salamu. Niliwafungulia wote, kwa sababu mtu anayekataa kufungua kinywa siku kama zile anaweza kukifunga moja kwa moja. Lakini kila nilipopata mtu aliyetoka upande wa tambarare nilimuuliza habari za Katogota. Wote walisema jambo moja: watu wamepanda mlimani, nyumba ziko wazi, hakuna anayejua nani yuko hai.

Mvua zikaja, zikapita. Nilikula ndagala kila siku.

Siku moja nikasikia kwamba komanda mmoja anahangaika kule Katogota. Alitumwa awashushe watu kutoka mlimani warudi mashambani. Alikuwa na gari lenye kipaza sauti, alikuwa amekwisha kuwaita mara kadhaa, na hakuna hata kuku aliyeshuka. Sikungoja kuitwa. Nilikwenda mwenyewe ofisini kwa mkubwa wa teritware, yaani wilaya, nikamwomba anitume. Nadhani nilikuwa nalia, maana aliniuliza kama ninaumwa.

Njiani niliona mpunga umeanguka, ndege wameshiba mpaka hawaruki. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa imebaki kuta. Mlima uko nyuma tu ya kijiji, unapanda wima, na juu yake kulikuwa na moshi mwembamba, wa moto wa kupikia. Niliuangalia ule moshi nikasema moyoni kwamba mmoja kati ya mioto ile ni wake, na kama ni wake basi chakula kinaungua, kwa sababu Mwamini akipika alikuwa anasahau.

Komanda alikuwa mtu wa mbali, wa upande wa magharibi, si mtu mbaya. Alikuwa amechoka. Alinieleza maneno aliyokuwa anatumia: kwanza jina la serikali, kisha jina la jeshi, kisha cheo chake, kisha amri ya kushuka. Nilimuuliza swali moja kabla ya kushika mikro. Nikifungua mlango, watu wakapita, kuna atakayepigwa? Akasema hakuna. Nikamwomba aape. Akaapa kwa mama yake, na nikaona macho yake, nikamwamini.

Nikamwambia nitaanza na pole. Akashtuka. Akasema huko juu kuna vijana waliobeba silaha, sasa jeshi litatoaje pole kwa watu wa namna hiyo? Wakubwa wake wakisikia watasema nini?

"Komanda," nikamwambia, "kwenu, mutu akifika ku nyumba yenye kilio, anaanza aje?"

Alichezea mkanda wa saa yake. Mwishoni akasema, "Sema."

Nilisimama juu ya gari. Nilinyamaza kwanza, kama Mzee Kiza alivyonifundisha, ingawa sikujua kama kuna macho yanayoniangalia. Nilitaka sana kuita jina lake. Lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini msemaji haiti mtu wake mbele ya kilio cha watu wote, na tena sikutaka askari wajue kuna mtu wa kwangu pale juu. Nikalimeza. Nikasema hivi, na haya ndiyo maneno pekee ninayoyakumbuka neno kwa neno katika maisha yangu:

"Watu wa Katogota, poleni. Poleni na kilio. Huko muliko mumezika watu, na sisi wa chini hatukuja. Hatukulala chini pamoja nanyi. Hatukuleta kuni, hatukuleta maji. Sijui ni nani na nani. Ningejua, ningewataja moja moja. Kila mwenye amefiwa, pole yake njo hii."

Nikanyamaza tena. Sauti ilikwenda, ikagonga mlima, ikarudi, kama vile mlima nao unanipa pole. Kisha nikampa komanda mikro, akasema maneno yake, machache kuliko siku zote.

Tuliketi. Jua lilipanda. Askari walikuwa wanatafuna miwa ya watu. Sikutoa macho kwenye njia. Nilikuwa nimeshapanga atakavyoshuka: atakuwa amekonda, kitenge chake kitakuwa kimepauka, atanifikia, na kabla ya salamu ataniambia mwanzo wangu ulikuwa mrefu kidogo pale kwenye kuni na maji. Nilikuwa hata na jibu tayari.

Jua lilipokuwa limeinama, mtu mmoja alitokea kwenye njia. Askari waliinua bunduki, komanda akawaambia washushe. Alikuwa mama mzee, peke yake, na fimbo. Alishuka polepole bila kusimama. Nikamtambua kwa mwendo. Alikuwa mama mkwe wangu.

Kwetu, ninyi mnajua, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Tangu nioe sikuwahi kumgusa mkono. Tulisalimiana kila mmoja akiangalia pembeni. Basi nikashuka kwenye gari, nikainamisha macho, nikangoja asimame mbali kama desturi. Hakusimama. Alimpita komanda bila kumwangalia, akapita askari, akaja mpaka mbele yangu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwanangu," akasema, "ulitupa pole sisi wote, na yako weye hakuna mutu alikuwa amekupa." Akanikaza mikono. "Pole."

Sikumwelewa. Yaani masikio yalielewa, mimi sikuelewa. Nilibaki nikiangalia nyuma yake, kwenye njia, na kweli watu walikuwa wameanza kushuka, akina mama na mizigo, wazee, watoto wanabebwa mgongoni. Niliangalia kila uso uliopita. Niliangalia mpaka wa mwisho. Mama mkwe hakuniachia mkono muda wote ule, na hakunikataza kuangalia.

Ilikuwa homa, iliyomchukua Mwamini mvua zilipoanza. Walimzika kando ya kijito, juu, mahali pa majani mazuri. Baadaye nilipelekwa nikapaona. Mama aliniambia na yaliyotokea sauti yangu ilipofika kule. Wanaume walisema ni mtego kama ile mingine. Yeye akawaambia, "Huyu ni mukwe wangu. Anatupa pole, na hajui kama kilio kiko kwake. Miye nashuka kumwambia." Walimkataza. Akasema wampige risasi, lakini mtoto wa watu hawezi kukaa pale chini akingoja mtu ambaye hatashuka. Walimtazama kutoka juu mpaka alipofika kwangu. Walipoona hakuna aliyemgusa, wakafunga mizigo.

Ofisini walinisifu sana. Walisema maneno yangu yaliwashusha watu wa Katogota. Hata ninyi mmeambiwa hivyo na baba zenu, na kuna mmoja wenu alikuja kuniomba nimwandikie maneno yale ayatumie. Yachukue, ni yako, ila ujue kwamba si maneno yaliyowashusha. Aliyewashusha ni mama mzee ambaye hakuweza kuvumilia mimi nisijue. Mimi nilisema pole tu, kama nilivyofundishwa mtoni na binti yake. Ukitoa pole ya kweli, kuna siku itapanda mlima, ikageuka, ikarudi kwako. Hapo hutakuwa na hotuba ya kuifuata.

Niliendelea na kazi, kwa sababu watu waliendelea kuoana na kufa na kupokea wakubwa. Nilioa tena, mama huyu mnayemjua, aliyenizalia watoto, mtu mwema kuliko ninavyostahili, na habari hii yote anaijua. Komanda alishika kiapo chake. Hakuna aliyepigwa siku ile. Mzee Kiza alikufa kwake kitandani, na kwenye kilio chake nilisimama, nikanyamaza, nikashindwa kusema hata neno, nikaketi. Watu wanasema ndio mwanzo wangu mzuri kuliko yote.

Hata sasa, nikialikwa kusema, jioni nasimama pale pale mbele ya ukuta wa mashariki, najaribu maneno. Nikifika mahali yanaporefuka nanyamaza nisikilize. Mama wa watoto wangu akinisikia nimenyamaza ananiambia kutoka jikoni niendelee, ni mazuri. Anasema kwa upendo. Lakini najua si mazuri, ni marefu, na inabidi niyakate mwenyewe, polepole, bila mtu wa kunisaidia, na kila ninapoyakata namkosa yule mwenye ungo kana kwamba lori limepinda sasa hivi.

Basi nina ombi. Harusini, kijana wangu, ukishika mikro ukaniona pale mbele nimefumba macho, kisha ukanisikia nakoroma, usinikasirikie na usimtume mtu aniamshe. Silale. Fupisha.